Mate Kwenye DNA

Nyumbani kwa fundi cherehani, kila mtu hulamba vidole. Baba hulamba kabla ya kutunga uzi sindanoni. Mama hulamba akifunua vitambaa. Binti yao naye hulamba. Mtoto wa nyoka ni nyoka.

Binti huyo alikuwa akijaribiwa kazi ya ualimu. Kesho yake mkaguzi angekuja kumtazama akifundisha habari za DNA, ule uzi mwembamba sana unaobeba urithi wa kila kiumbe. Akivurunda, kazi hana.

Basi akalijaribu somo kwanza. Alitia DNA kwenye jeli, kipande laini kama uji ulioganda, akawasha umeme wa kuivuta. DNA ilitakiwa ikimbie hadi chini. Wapi! Mstari wa DNA ulibaki juu.

"Mungu wangu!" alipiga yowe. "Nimepewa DNA siyo!"

Shangazi yake, msimamizi wa maabara ya shule, alikuja mbio. "Hebu rudia ulivyofanya, nione."

Binti akalamba kidole, akafungua kichupa cha DNA kwa kidole hichohicho.

"Wee!" Shangazi alishika kichwa. "Mate humu ndani? Na ungelamba sumu je?"

Binti hakujua hata kama amelamba.

Shangazi alichukua uzi wa nyuzi mbili, akausokota mpaka ukajikunja wenyewe, kisha akaunga ncha zake.

"DNA hii ni duara, nalo limejisokota hivi. Likijikunja linakuwa dogo, linapenya jeli upesi. Sasa tazama." Alikata uzi mmoja tu kati ya zile mbili. Msokoto ukalegea, duara likatanuka. "Kwenye mate kuna kitu kinachokata DNA. Mkato mmoja tu, msokoto kwisha. DNA ni ileile, ila sasa inajikokota."

"Kumbe nimeiharibu mwenyewe, shangazi!"

"Maji yakimwagika hayazoleki. Nawa, vaa glovu, chukua kichupa kipya."

"Na hiki kibovu?"

"Usikitupe."

Kesho yake, mkaguzi akiwa ameketi darasani, aliweka DNA ya vichupa vyote viwili kwenye jeli moja. Taa ya kuonyesha DNA ilipowashwa, mstari mmoja ulikuwa chini, mwingine juu.

"Ni DNA moja," aliwaambia wanafunzi.

"Haiwezekani, mwalimu!"

"Ya juu iliingia mate. Nililamba kidole, sikuvaa glovu."

Darasa zima liliguna. Mkaguzi alivua miwani.

"Mate yako mwenyewe?"

"Yangu, mzee." Alijua kazi imekwenda.

Mkaguzi aliinamia jeli, akaitazama kwa muda mrefu.

"Walimu wote hunificha makosa yao," alisema. "Wewe kosa lako umelifundishia. Jumatatu uanze kazi."

Binti alitafuta kiti haraka, akaketi, glovu zikiwa bado mikononi.