Sentimita Tatu

Pikipiki ilimwangusha mkunga asubuhi ya Jumatatu, katikati ya kituo cha mafuta, foleni nzima ikitazama. Alisimama kwenye mteremko karibu na pampu, akashusha mguu kutafuta ardhi, ardhi hakuipata, na dude zima likalala ubavuni. Gauni lake jeupe la kazi likalowa mafuta mpaka magotini. Nyuma yake honi zikaanza.

"Usiinue peke yako, dada, utateguka mgongo."

Alikuwa mwanamume mrefu mwenye ovaroli ya buluu iliyopauka, spana mfukoni. Wakaiinua pamoja.

"Umeumia?"

"Nimeaibika. Hiyo nayo ina dawa?"

"Ya aibu sina. Ila pikipiki imekuzidi kimo."

"Katangaze redioni, kaka. Wapo wachache hawajasikia."

Fundi akacheka hadi akashika kiuno. Gereji yake ilikuwa nyuma ya kituo hichohicho, na wateja walimwita Taratibu, maana hakuwahi kuharakisha kazi yoyote. Mkunga naye wenzake zahanatini walimwita Nukta; alikuwa mfupi, na akishasema, jambo limekwisha. Pikipiki alikuwa amepewa na zahanati ili awafikie wajawazito majumbani, lakini kila aliposimama alining'inia juu yake kama nguo kwenye kamba.

Juma lile akawa anapitia gereji akitoka kazini. Aliketi juu ya ndoo iliyopinduliwa huku Taratibu akipunguza sponji ya kiti kwa kisu, chembe kwa chembe. Baada ya hapo zikaja simu.

"Nukta wangu, umekula?"

"Nimekuwa wako tangu lini?"

"Tangu Jumatatu, saa mbili na robo."

Nukta alikata simu akitabasamu peke yake. Shangazi yake, aliyekuwa akiishi naye, akamuuliza kama jino linamuuma.

Mambo yakaharibika Ijumaa. Nukta alitaka nyayo zote mbili zikanyage chini. Taratibu akatikisa kichwa.

"Nitakushushia sentimita tatu, mbele na nyuma sawasawa. Mguu mmoja utakanyaga wote, wa pili vidole. Inatosha, mpenzi."

"Shusha nane."

"Nikishusha nane itasugua chini kwenye kona. Hiyo si pikipiki tena, ni sufuria."

"Kwa hiyo mimi ndiye mwenye kasoro?"

"Sijasema hivyo."

"Nimeambiwa maisha yangu yote. Hutoshi hapa, hufiki pale. Sikudhani nitaambiwa na wewe."

Akaondoka. Kesho yake fundi mwingine, mwenye maneno mengi na mikono myepesi, aliishusha nyuma sentimita nane kwa nusu saa. Mbele hakugusa. Nukta akakanyaga chini kwa nyayo zote mbili, akajiona malkia. Siku tano hakupokea simu ya Taratibu hata moja.

Siku ya sita, asubuhi, mama mmoja alishikwa na uchungu kwenye nyumba za mlimani. Nukta akafunga mkoba wa vifaa mgongoni, akaondoka mbio. Barabarani aliona usukani umekuwa mwepesi mno, kama vile gurudumu la mbele linaelea. Kwenye kona ya mwisho alilaza pikipiki kushoto, nayo ikang'ang'ania kwenda moja kwa moja. Akailaza zaidi. Chuma kikasugua lami, kikatoa cheche, na mkunga akajikuta majanini, mzima.

Pikipiki haikuwaka. Akatoa simu.

"Taratibu."

"Uko wapi?" Hakuuliza kingine.

Alifika kabla jasho halijamkauka usoni, akampakia kwenye pikipiki yake mwenyewe, akamfikisha kwenye mlango wa mzazi. Nukta akanawa mikono na kuingia. Alimsahau Taratibu aliyebaki nje, maana mtoto alikuwa ametanguliza makalio na kazi ilitaka akili yote.

Alipotoka jua lilikuwa limepita utosi. Mtoto wa kike alikuwa salama, mama yake pia. Uani alimkuta Taratibu amepiga magoti mbele ya pikipiki aliyoikokota kutoka kwenye kona.

"Imepona?"

"Imewaka, mafuta yalikuwa yamefurika tu. Ila ilikuwa imeinua pua," akasema bila kugeuka. "Ukishusha nyuma peke yake, uzito unakimbia gurudumu la mbele, usukani haukusikii tena. Nimeipandisha nyuma, imebaki chini sentimita tatu tu. Mbele nimelegeza nati na kuyasukuma juu mabomba ya shokapu, tatu vilevile. Springi nimezikaza, maana nafasi ya kubonyea imepungua. Stendi imekuwa ndefu, nitaikata kesho. Jaribu."

Nukta akapanda. Mguu wa kushoto ukakanyaga wote, wa kulia vidole. Akashuka hadi kwenye kona ileile, akageuza, akarudi. Safari hii pikipiki ililala alipoilaza na kuinuka alipotaka.

"Nilikuelewa vibaya," akasema.

"Na mimi nilieleza vibaya. Ningesema tu naogopa uanguke." Akafuta mikono kwa tambara, kila kidole peke yake. "Shangazi yako alinipigia simu juzi. Eti umenuna, huli, kulikoni. Leo nimempigia mimi. Nimemwomba nije kwenu Jumamosi na wazee wangu."

"Wazee waje kufanya nini?"

"Kukuposa."

"Shangazi kasema nini?"

"Kasema nivae shati lililopigwa pasi."

"Mimi hujaniuliza!"

"Ulikuwa unazalisha." Akasogea, akashika usukani juu ya mkono wake. "Nakuuliza sasa, laazizi. Utaolewa na mimi?"

Nukta alimtazama uso wenye grisi shavuni, akaifuta kwa kidole gumba.

"Ndiyo," akasema, kisha akalazimika kurudia kwa sauti kubwa zaidi, maana ndani mtoto alikuwa ameanza kulia.