Mpangaji wa Nyumba ya Mama

"Dada, hiyo ni rangi ya mbao. Ukiipaka ukutani itabanduka kabla hujafika nyumbani."

Mfamasia aligeuka. Duka la vifaa vya ujenzi lilikuwa limefurika. Watu wanasukumana kaunta, misumari inapimwa, simu zinalia. Aliyesema alikuwa fundi rangi, mrefu, ovaroli lake limejaa madoa ya kila rangi, na tabasamu lisilo na haraka.

"Nimekuuliza?"

"Hujauliza. Ndiyo maana nimekupa bure."

Mfamasia alicheka bila kupenda. Alikuwa bado na koti lake jeupe la kazini, viatu vyekundu miguuni, na uchovu wa miezi. Nyumba aliyoachiwa na marehemu mama yake ilikuwa inamla. Leo paa, kesho bomba, na yeye mwenyewe anakaa upande wa pili wa mji, kwenye fleti karibu na duka lake la dawa. Mjomba hakuwa na neno jingine: uza.

"Siuzi," alimwambia fundi siku alipokuja kupaka sebule. "Mama aliijenga kwa kushona nguo za watu."

"Basi pangisha. Ipe familia moja nyumba nzima. Au chumba chumba, kwa wanafunzi. Au weka vitanda, upokee wageni wa siku mbili tatu."

"Wanafunzi watanipandisha presha. Na hao wageni, nani atawafulia mashuka? Wewe?"

"Ukiendelea kunitazama hivyo, nafua."

Kazi ya wiki ikageuka ya mwezi. Simu zikaanza kuingia asubuhi, kabla hajafungua duka.

"Mpenzi, umekula?"

"Nitakula ukiniacha."

"Basi shinda na njaa."

Jumamosi moja mchana mfamasia alipita kwenye nyumba ya mama bila kusema. Akamkuta mwanamke mwenye gauni la njano akipima madirisha kwa futi kamba, anacheka na fundi.

"Nani huyu?"

Fundi aliweka brashi chini. "Mama wa mtoto wangu. Anatafuta..."

Habari za mtoto mfamasia alikuwa nazo. Kwamba mama yake ni mzuri hivyo, hakuambiwa. Akaonyesha mlango kwa kidole. Wakatoka wote wawili, na simu za fundi hakuzipokea tena.

Jumapili mjomba akatokea na mnunuzi, bwana wa suti anayegonga kuta kwa ufunguo.

"Mwanangu, umejaribu, umeshindwa. Hata huyo fundi wako, nimesikia umemfukuza. Mwanamke peke yako, nyumba mbili za nini?"

"Wewe unazo tatu, mjomba. Nani amewahi kukuuliza za nini?" Akamgeukia mnunuzi. "Samahani, umepotezewa muda. Nyumba haiuzwi."

Walipoondoka aliketi sakafuni, akalia. Lakini hakuuza.

Jumatatu, mwenye gauni la njano akaingia dukani kwake.

"Sikuja kumwombea mtu," alisema. "Mimi ni mwalimu wa chekechea. Jengo tulilopangia shule tunatolewa, na nyumba yako inatufaa. Yeye alinisihi nisubiri akueleze kwanza. Sikusubiri, nikamfuata huko huko."

"Na nyie wawili?"

"Tuliachana mtoto hajaota meno. Baba mzuri. Mume alinishinda."

"Alikushinda nini?"

"Anakoroma, dada. Kuta zinatikisika."

Wakatazamana, wakaangua kicheko mpaka wateja wakageuka. Kisha wakazungumza kazi: matengenezo ya paa juu ya mwenye nyumba, ya mabomba juu ya mwalimu, mkataba wa miaka kadhaa.

Habari zikamfikia mjomba, akapiga simu siku hiyo hiyo. "Unampangisha mke mwenzio? Watu watasemaje?"

"Nampangisha mwalimu, mjomba. Na ukipita pale usipige honi, watoto wanalala mchana."

Halafu akampigia fundi.

"Eti unakoroma?"

"Nani kasema?"

"Mpangaji wangu."

Fundi alishusha pumzi ndefu. "Ningekueleza mapema, mpenzi. Niliogopa."

"Na mimi ningekusikiliza. Yaishe. Kesho asubuhi twende kwa mjomba, ukanipose. Mbele yake, kwa sauti."

"Akiniuliza nitaisimamia vipi nyumba?"

"Utamjibuje?"

"Kwamba nimekuja kuoa. Nyumba ina mwenyewe."

Machozi yakamlenga mfamasia.

"Na akikataa?" fundi akauliza.

"Akikataa, tutakuwa tumemtaarifu."