Mvua Ilipokata Jina la Mtoto

Hawa alikuwa akimnyonyesha bintiye wa siku tano huku akikoroga uji kwa mkono mwingine. Mtoto hakuwa na haraka ya jina. Haraka yake ilikuwa maziwa. Lakini siku ya saba ilikaribia, na jina lilikuwa limekwama.

Mafuriko ya mwaka 1997 yalikuwa yameifanya Garsen kisiwa. Mumewe, Hirbo, alikuwa amehamishia ng'ombe nchi ya juu, karibu na Bura. Kila siku saa kumi alasiri, akishanywesha mifugo, alikwenda ofisi ya misaada ya huko. Kulikuwa na simu ya sahani, ile inayopitia setilaiti. Hawa alimngoja kwenye ofisi ya Garsen.

Siku ya nne walisalimiana kama ada. Watu hawajambo? Ng'ombe? Ndama? Nyasi? Mwisho Hawa alisema, "Nataka kumwita Sabdio." Simu ikakatika. Siku ya tano vilevile.

Sabdio lilikuwa jina la marehemu mama yake Hirbo.

"Amekata kwa hasira," Hawa alimwambia wifi yake, Sadia, wakiwa bado ofisini. "Baba ndiye hutoa jina. Mimi nimemtangulia."

"Kaka yangu? Wallahi, yeye hukasirikia fisi tu. Au ulisema kwa ile sauti yako ya kuitia mbuzi?"

Hawa hakucheka. Machozi yalimlengalenga.

Josephine, mhudumu wa simu, aliwasikia. Akawaita kwenye stoo yenye giza, akampa Hawa tochi.

"Dada, tuigize mvua. Tochi yako ni setilaiti, chombo kilicho juu sana kupita mawingu. Karatasi hii ukutani ni sahani yetu. Mwanga ndio sauti."

Sadia akamimina maji katika mkebe uliotobolewa. Maji yakachuruzika mbele ya tochi. Mwanga ulibaki.

"Hayo ni manyunyu," Josephine alisema. "Sasa leta mikebe mitatu, tena mwaga kwa nguvu."

Mwanga ukafifia, ukatapakaa. Sadia akalowa mpaka kiunoni.

"Mnaona? Matone makubwa humeza mawimbi ya simu na kuyatawanya. Mawimbi yakifika machache mno, simu hukatika."

"Lakini jana hapa kulikuwa na jua!"

"Na Bura je? Mvua ikinyesha upande mmoja tu, yatosha."

Hawa akakumbuka. "Nilisikia kama mahindi yanakaangwa."

"Hiyo ni mvua juu ya bati la Bura, mama. Mvua kubwa za wiki hii zote zimenyesha alasiri. Kesho nitawaomba wenzangu wa Bura wamwite Hirbo asubuhi ya keshokutwa. Na wewe, anza na neno kubwa. Ng'ombe baadaye."

"Ng'ombe baadaye?" Sadia alishangaa. "Muorma huyu, asianze na ng'ombe?"

Siku ya saba ilipambazuka bila wingu. Simu ikaita. Hawa, mtoto akiwa kifuani, hakusalimu.

"Nataka kumwita Sabdio, kama mama yako. Waniruhusu?"

Kimya.

"Imekatika tena!"

Josephine akaitazama taa ya mashine. "Haijakatika. Laini ni safi. Ngoja."

Hawa akangoja. Akasikia mtu mzima akivuta kamasi.

"Hawa," Hirbo alisema taratibu, "mwekee mtoto simu sikioni. Nimwite mwenyewe."