Kesi Ilishuka Ngazi

Fundi alikuwa mwanamke wa kutembelea magongo. Kazi yake ilikuwa kutengeneza simu katika karakana moja kubwa. Simu ikiwashinda wenzake, ilipelekwa kwake.

Siku moja meneja alihamishia meza zote ghorofani.

"Wewe ngazi huziwezi," alimwambia Fundi. "Basi kapumzike nyumbani. Kazi imekwisha."

Fundi alirudi nyumbani roho ikimuuma.

"Mke wangu, yaache yaishe," mume wake alisema. "Wakubwa hao tutawaweza wapi?"

"Siyaachi. Kwani simu natengeneza kwa miguu?"

Wakaenda kwa jirani yao. Alikuwa wakili, mama wa makamo anayetumia kiti cha magurudumu. Tangu ujana wake alikuwa akiwatetea watu walionyimwa shule na kazi kwa sababu ya ulemavu.

"Uliomba meza ibaki chini?" wakili aliuliza.

"Niliomba, mama. Meneja alicheka."

"Basi atacheka mahakamani. Sheria inamtaka mwajiri arekebishe mahali pa kazi pale anapoweza. Meza moja haiwezi kumshinda. Kukufukuza kwa ajili ya ulemavu ni ubaguzi. Na usitie sahihi chochote kabla sijakisoma."

Siku ya kesi ikafika. Kumbe chumba cha mahakama nacho kilikuwa ghorofani. Askari wawili walikuja kumbeba wakili.

"Asanteni wanangu, lakini mimi si gunia," alisema. "Mwambieni hakimu tuko hapa chini."

Karani alishuka akifoka. "Mama, unachelewesha mahakama."

"Mimi nimewahi. Zinazochelewesha ni ngazi zenu."

"Tutafungwa sisi," mume wa Fundi alinong'ona.

Fundi aliketi kando ya wakili, akaweka magongo mapajani. "Na mimi sibebwi," alisema.

Mwishowe hakimu alishuka mwenyewe, uso ameukunja. Alizitazama ngazi, akamtazama wakili. Kisha akaagiza meza iletwe. Kesi ikasikilizwa pale pale ukumbini.

"Kule chini kwenye karakana sasa kuna nini?" wakili alimuuliza meneja.

Meneja alijikohoza. "Maboksi matupu."

Hakimu aliamuru Fundi arudishwe kazini, na meza yake iwekwe chini.

Siku hizi Fundi yuko kazini. Juzi mfanyakazi mpya, ambaye ni kiziwi, aliomba maelekezo ya kazi yaandikwe ubaoni.

"Nitafikiria," meneja alisema.

Fundi aliweka bisibisi chini. "Fikiria hapa hapa, bosi. Tunasubiri."

Meneja akaenda kutafuta chaki.