Faili la Kemuma Lasimama Peke Yake

Kila Jumamosi asubuhi, Kemuma alishuka kutoka kilima cha Manga kwenda mjini Kisii, kwenye chama cha kompyuta. Humo, yeye na wenzake walikuwa wakiandika, kwa lugha ya C, programu ya kupima unyevu wa udongo ili wakulima wajue wakati wa kumwagilia miche ya majani chai.

Siku hiyo aliwahi kufika. Akaamua kupanga upya mistari ya mwanzo, ile ya #include, inayoiagiza kompyuta isome mafaili mengine kabla ya kuanza kazi. Alilipandisha faili aliloliandika mwenyewe, kipimo.h, likawa la kwanza. Alipoijaribu programu, skrini ilijaa makosa.

"Nani amegusa mistari ya juu?" Jethro, kiongozi wao, alifoka akiingia na wenzake.

"Mimi."

"Irudishe! Jumamosi iliyopita programu ilifanya kazi."

"Sirudishi."

Kemuma alikuwa ameshaona tatizo. Kompyuta husoma kutoka juu kwenda chini. Faili lake lilitumia neno ambalo maana yake ilikuwa katika faili jingine, udongo.h, lakini halikuliita faili hilo. Hapo awali udongo.h lilitangulia, ndiyo maana kasoro haikuonekana.

"Kosa ni langu," alisema. "Mpangilio wa zamani ulikuwa unalificha tu."

"Basi liache lijifiche! Wageni wa chama cha Nyacheki wanafika saa nne. Unataka tuaibike?"

Jethro alinyoosha mkono achukue kibodi. Kemuma akaikumbatia. Jethro alimzidi miaka miwili, na chumba kizima kilikuwa upande wake.

"Hata mkinifukuza chamani, sifichi! Mficha maradhi, kifo humuumbua."

"Mpeni dakika kumi," sauti ilisema mlangoni. Alikuwa Mwalimu Alpa, aliyewafundisha kila wiki baada ya kufungua duka la familia yake.

Kemuma hakuhitaji hata tano. Ndani ya kipimo.h aliongeza mstari mmoja wa kuliita udongo.h. Kisha akaipanga ile mistari ya juu kila namna, huku Jethro akimtazama kwa kununa. Programu haikulalamika tena.

Wageni walipofika, Persis, msichana wa Nyacheki, aliomba mafaili yale mawili. Katika programu yao wenyewe aliandika mstari mmoja tu, wa kuliita kipimo.h. Ikakubali papo hapo.

Jethro alijikuna kichwa. "Kemuma, ungenisikiliza mimi, leo tungewapa wageni ugonjwa wetu."

Mwalimu Alpa aliwageukia wote. "Kazi nzuri husimama yenyewe, haingoji jirani aishikilie. Kosa lako ukilitoa hadharani, utalirekebisha kwa mstari mmoja. Ukilificha, atakayeumia ni mtu ambaye hata hujamjua. Kwa hiyo mtu akikwambia ulifiche, mkatalie, hata kama ni kiongozi wako."