Lensi Iliyomchagua Kaka Yangu

Nina miaka hamsini na mitatu. Naishi Unguja, napiga picha za harusi za wanawake, na mume wangu nimemzika akiwa hai… Kwetu ni Mutsamudu, kisiwa cha Nzwani, Komoro. Mama yangu alilelewa Zanzibar, ndiyo maana Kiswahili hiki ninacho. Mkikiona kimepinda mnisamehe, maana yaliyonikuta yamepinda zaidi!

Kamera niliishika nikiwa msichana. Kwetu katika shughuli za wanawake mwanamume hathubutu kuingia na kamera, atatolewa kwa viatu. Kwa hiyo nilikuwa na kazi tele. Biharusi, mama yake, shangazi zake wote wenye dhahabu shingoni… nani mwingine angewapiga picha kama si mimi?

Mume wangu nilimpata Moroni nilipokwenda kununua filamu. Nitamwita Msaidie, mtu wa Ntsoudjini, kijiji cha Ngazidja, kisiwa uliko mji wa Moroni, mpole, mcheshi, anayejua kumsikiliza mwanamke. Tukaoana. Huku kwetu nyumba ni ya mwanamke. Baba humjengea bintiye, na mume huingia na sanduku lake la nguo. Msaidie alivuka bahari akaja Mutsamudu na sanduku lake, nikampa ufunguo wa mlango, na ufunguo wa chumba changu cha giza ninamosafishia picha. Mke atamnyima mumewe ufunguo?

Kaka yangu Humadi hakumpenda sana, lakini alimheshimu. Humadi alikuwa na tanuri la mikate mjini. Baba alipofariki yeye ndiye aliyebaki kuwa msimamizi wa nyumba yangu, kwa desturi yetu. Kila asubuhi alinipitishia mkate wa moto na kunitania kwamba mume wangu analala sana kama mfalme aliyepinduliwa.

Kisha yakaja ya kujitenga. Nzwani ikasema haitaki tena kuwa chini ya Moroni. Watu waliimba barabarani, wakapandisha bendera, na baada ya nyimbo zikaja bunduki. Tukawekewa vikwazo. Mafuta yakakatika, unga ukawa haba, umeme ukawa wa kubahatisha. Na vijana wenye silaha waligawanyika kambi mbili, ya juu mlimani na ya chini mjini, wote wanataka kujitenga, wote wanauana!

Mimi nilitaka kupiga picha za hayo. Si harusi tena. Nilitaka mitaa yetu, nyuso zetu, watu waje wajue tulipita wapi. Lakini vichochoro vya mji wetu wa mawe ni vyembamba hata mchana jua halifiki chini, na jioni bila umeme ni kisima. Flashi? Mmulike kijana mwenye bunduki usoni, halafu uone kama atacheka au atafyatua!

Ndipo tukaenda Moroni, mimi na Msaidie, wakati boti bado zinapatikana, kutafuta lensi inayoona gizani. Palikuwa na bwana mmoja amerudi likizo kutoka Marseille na mzigo wa vitu vya mkononi. Alikuwa na lensi tatu zilizoingia kwenye kamera yangu. Zote za urefu mmoja, zisizovuta wala kurudisha, ukitaka kukaribia utembee kwa miguu yako.

Ya kwanza ilikuwa ya milimita ishirini na nane, inaona pana, lakini tundu lake dogo, mbili nukta nane. Ya pili ya hamsini, tundu lake moja nukta nne, maana namba ikipungua tundu hupanuka. Hiyo ilikuwa na jicho kubwa kama la ng'ombe! Ya tatu ya themanini na tano, ndefu, nzito, tundu lake mbili.

Nikaomba nizijaribu. Tukaingia vichochoro vya Moroni nyuma ya msikiti wa zamani, adhana ya magharibi inakaribia. Kwa filamu yangu ya mia nne, ile ya ishirini na nane ilinidai niache mwanga uingie kwa moja ya kumi na tano ya sekunde. Kwa mwendo huo mkono ukitetemeka tu, mtu anakuwa moshi. Ile ya hamsini ikanipa moja ya sitini mahali palepale. Moja ya sitini! Niliruka kwa furaha kama mtoto.

Msaidie alitaka ile ndefu. Alisema nikae mbali na watu nitasalimika. Nikamcheka. Kwenye kichochoro cha Mutsamudu watu wawili hawapishani bila mmoja kugeuka ubavu, ile ndefu ingenipatia nini zaidi ya pua? Nikachagua ya hamsini, na yeye ndiye aliyenilipia, kwa mapenzi kabisa…

Yule bwana wa Marseille alinionya kitu kimoja wakati ananifungia. "Dada, hii ukiifungua yote haipendi watu wawili. Uso mmoja utakuwa mkali, wengine wote ukungu. Basi chagua uso."

Nilijua hilo. Kila mpiga picha analijua. Lakini kulijua ni kitu kimoja…

Jioni moja nilikuwa narudi nyumbani kupitia chini ya ngome. Nikasikia kelele. Kundi la kambi ya huku chini lilikuwa limemkamata kijana wa kambi ya juu, wakamwangusha kwenye ngazi za mawe. Walimpiga kwa virungu, kwa mateke, kwa kitako cha bunduki. Nasikia mpaka leo ile sauti, jinsi inavyobadilika mfupa ukivunjika. Mmoja akachomoa panga.

Nilitoa kamera chini ya shiromani yangu, ile nguo tunayojitanda. Nikafungua tundu lote, sina mwanga. Mara nikamwona Humadi! Ametoka kwenye tanuri lake na unga mikononi, anajitosa katikati, ameushika mkono wenye panga. Jicho langu lilikwenda kwake. Kati ya nyuso zote zile, ningeutazama uso gani kama si wa mtoto wa mama yangu? Nikabonyeza. Nikabonyeza tena, Humadi amelinyakua panga na kulitupa. Nikabonyeza mara ya tatu, Humadi amemlalia yule kijana kumkinga, virungu vinamshukia yeye mgongoni.

Kijana hakupona. Alifia hospitali ya Hombo kesho yake, Mungu amrehemu.

Umeme uliporudi kidogo niliingia chumba cha giza. Nilikuwa na muda wa kusafisha picha moja tu. Na mimi, kwa majivuno ya fundi, nilichagua ile ya kwanza, iliyotoka kali kuliko zote. Uso wa Humadi, kila unywele wa ndevu unahesabika, jasho, meno yameumana. Na panga juu. Mwenye panga ni ukungu. Ukiitazama bila kujua, utasema panga ni la Humadi!

Nikamwonyesha Msaidie. Nikamweleza yote, nikamwinulia na negativi zinazofuata aone jinsi Humadi alivyomlalia yule kijana. Alitazama kwa makini sana. Akasema kaka yangu ni mwanamume kweli. Alijua! Wasomaji wangu, alijua kila kitu.

Siku zile Wangazidja waliobaki kwetu walihesabiwa kuwa wapelelezi wa Moroni. Kambi ya juu ikamchukua Msaidie. Alirudi siku ya pili, mdomo umevimba, mbavu hazishikiki. Nilimkanda kwa maji ya moto huku nalia. Nilimlisha uji kwa kijiko. Humadi mwenyewe alileta mkate, akaumegea mchuzini ulainike, akampa shemeji yake ale. Naye akala! Akala mkate wa mtu ambaye yeye mwenyewe alikwisha kumuuza…

Asubuhi akaniambia anakwenda bandarini kututafutia boti sisi wawili. Akanibusu kwenye paji la uso, akatoka. Jua lilikuwa halijafika dirishani nikasikia mayowe kutoka tanurini. Wamemchukua Humadi.

Nilikimbia. Mwanafunzi wake alikuwa ameketi kwenye unga uliomwagika, damu inamtoka sikioni. Akaniambia walikuja na picha. Walimwekea Humadi picha usoni wakamuuliza, huyu si wewe?

Picha! Nilirudi nyumbani, nikafungua chumba cha giza. Ile picha haipo. Na ufunguo nimewapa watu wangapi? Mmoja.

Lakini negativi zilikuwepo. Hakuzijali, au hakuwa na moyo wa kuzichoma, sijui. Ile ya pili na ya tatu zilikuwa mkononi mwangu, uzima wa kaka yangu! Ningezisafisha vipi? Umeme hakuna. Nikazifunga kwenye leso, nikapanda mbio hadi kwenye kambi ya juu.

Walikuwa na Humadi uani, amefungwa mikono nyuma. Uso ule niliokuwa nimeutoa mkali namna ile sikuutambua. Nikawaangukia miguuni. Nikawaambia tazameni, hapa analitupa panga, hapa amemlalia ndugu yenu. Mkubwa wao aliinua negativi akaielekeza juani. Hajapata kuona negativi maishani mwake. Aliona vijitu vya ukubwa wa kucha, nyuso nyeupe, meno meusi. Akawapitishia wenzake, wakacheka. Akaniuliza, "Haya ni majini au ni watu?"

Nikapiga kelele kwamba hii ndiyo picha yenyewe kabla haijageuzwa, kwamba wanipe muda hadi umeme urudi. Humadi akasema kwa mdomo uliopasuka, "Nenda nyumbani, mdogo wangu. Usiwatazame." Basi.

Sikwenda. Walimpiga risasi mbele yangu. Kisha mmoja akaitupa ile picha yangu juu ya kifua chake, ikalowa. Nililala juu yake kama yeye alivyomlalia mwana wa watu, na hakuna aliyenikinga mimi…

Baadaye nikasikia Msaidie alisindikizwa hadi botini na vijana walewale. Roho yake kwa roho ya kaka yangu.

Ilipowezekana nami nikavuka. Nilifika Moroni katika kipindi kibaya, vijana wanawasaka Wanzwani mitaani. Nilikuwa nimevaa nini? Shiromani yangu nyekundu na nyeupe, vazi la Nzwani, mtu analijua toka mbali! Walinizunguka karibu na soko. Walinivua ile nguo kichwani wakaichana. Jiwe likanipasua juu ya nyusi. Waliponinyang'anya kamera waliipiga ukutani mpaka ile lensi ikawa chenga. Wazee wa soko ndio walionitoa mikononi mwao.

Nikaenda Ntsoudjini na damu kavu usoni. Mwanamume akiiacha nyumba ya mkewe, kwetu hana pa kwenda ila nyumba ya mama yake. Nilimkuta bibi huyo mlangoni. Nikamwamkia, "Kwezi, mama." Akaitika, "Mbona, mwanangu," ndiyo marahaba yetu, akashtuka kuniona, akaniingiza ndani, akaniosha uso. Hakujua lolote. Mwanawe alikuwa amemwambia kwamba mimi ndiye niliyemfukuza.

Msaidie akatoka chumbani. Nikamsimulia mama yake mbele yake, tangu mwanzo hadi risasi. Hakukana. Alisema waliweka panga shingoni mwake, akaniuliza ningekuwa yeye ningefanya nini.

Nikamjibu: ungewapa zote tatu! Picha moja na negativi mbili, ukawaambia ukweli. Wangekupiga, labda wangekuua. Labda wangekusikiliza. Lakini ulichagua ile moja.

Mama yake alikwenda chumbani, akarudi na sanduku la mwanawe, akaliweka nje ya mlango. Hakupaza sauti. Alisema tu kwamba nyumba ni yake na ameijengewa na baba yake, na wanawe wote wana nafasi humo, lakini huyu asilale tena chini ya dari hiyo. Msaidie akalibeba, akaondoka. Nasikia mpaka leo anahama toka kwa rafiki mmoja hadi mwingine. Kisasi changu kilikwisha hapo, lakini je, kilinirudishia Humadi? Hapana!

Humadi aliacha binti mchanga. Sasa ni mwanamke mzima, yuko Mutsamudu. Juzi kanipigia simu kuniuliza, shangazi, nataka kupiga picha za mitaani gizani, ninunue lensi gani? Nikamwambia anunue ya hamsini, moja nukta nne. Sikumdanganya. Lensi haikuua mtu.

Halafu nikamwambia haya niliyowaandikia ninyi, maana kwa miaka yote nilimwambia tu kwamba baba yake aliuawa vitani. Alilia, nami nikalia.

Ninyi wenye simu zinazoona hata kwenye kiza, nawasihi! Picha moja kali ni nusu ya ukweli, na nusu ya ukweli inatosha kumchimbia mtu kaburi. Msiionyeshe peke yake kwa sababu imependeza. Msimkabidhi mtu uso wa ndugu yenu kwa sababu tu mnalala kitanda kimoja. Nami nilikuwa na picha tatu za kaka yangu, na iliyofika kwa wauaji ni ile niliyoipenda mimi.