Shimo Haliwaki

Asubuhi ile kaka yake Mwiba hakupokea simu. Walimkuta kwenye sakafu ya karakana, risasi kifuani, bisibisi bado mkononi. Kasha la kamera ya eksirei aliyoiunda ipelekwe angani halikuwepo.

Mwiba, jasusi wa Idara, alimfumba macho ndugu yake. Hakulia.

Simu ikaita.

"Kasha liko ghala la mizigo, uwanja wa ndege," alisema Mkuu. "Likivuka mpaka, majasusi wa kigeni wataifunga kamera kwenye makombora yao. Pole sana, mwanangu."

"Pole baadaye, Mkuu."

Landikruza ya Mwiba ilivunja geti la ghala. Mwiba akaruka chini, Glock mkononi.

Kando ya kasha alisimama mwanamume wa koti jeupe, kitambulisho shingoni.

"Taratibu, dada! Mimi mtaalamu wa nyota. Naisindikiza kamera kwenye roketi. Bosi kaniagiza."

Ingewezekana. Kaka alikuwa na wenzake ambao Mwiba hakuwajua. Alishusha bastola kidogo.

"Itapiga picha gani?"

"Shimo jeusi, linavyowaka."

Kaka alikuwa hamalizi chai bila kuizungusha kwa kijiko na kueleza: shimo halitoi mwanga. Gesi ndiyo hulizunguka kama sinia, tabaka zikisuguana, zikipata moto hadi kutoa eksirei, kisha humezwa. Wote wa kazi ile walijua kinachowaka ni sinia, si shimo. Hata wafagizi.

"Shimo haliwaki, mjomba. Linakula tu."

Mkono wa yule mwenye koti jeupe ulizama mfukoni.

Mwiba alifyatua. Goti likapasuka. Jamaa akaanguka akipiga yowe.

Nyuma ya Mwiba, dereva wa foklifti ya kunyanyulia mizigo, mshirika wa jamaa yule, alimrukia kwa kisu. Kikampasua bega. Mwiba aliukamata mkono ule, akaupinda mpaka mfupa ukalia kama kuni kavu, akambamiza uso kwenye chuma. Mara moja. Tena. Dereva akalegea, hakuinuka.

Koti jeupe alikuwa ameshatoa bastola.

"Nani... kakufundisha?"

"Marehemu."

Risasi ya Mwiba ilimwingia katikati ya macho.

Mwiba alibonyeza redio. "Mkuu, kasha salama."

"Umeumia?"

"Shati ndilo limeumia."

Akatoka juani, damu ikimchuruzika, bila kugeuka nyuma.

Kamera sasa iko angani. Wifi yake Mwiba, mjane wa kaka, ndiye anayepokea takwimu inazotuma, na siku za kazi watoto wa marehemu hula kwa bibi yao.